Dairekta Hajawahi Kuiona Filamu Yake kwa Mara ya Kwanza

Kwenye sekunde za mwisho kabisa za Inglourious Basterds, muvi ya Quentin Tarantino ya mwaka 2009, Brad Pitt anamchora afisa wa Kinazi alama ya swastika kwenye paji la uso kwa kisu. Akimaliza anainama kuangalia alichofanya, na kamera iko chini inamtazama juu, yaani kama vile sisi watazamaji ndo tumelazwa pale tunachorwa, halafu anamwambia mwenzake kwamba anadhani hii huenda ndo mastapisi yake, yaani kazi yake bora kabisa. Picha inakatika, na maandishi yanayofuata palepale yanasema imeandikwa na kuongozwa na Quentin Tarantino. Ukumbi mzima unaelewa aliyeongea ni nani.

Ile muvi naipenda sana, nimeirudia mara nyingi, lile tukio la mwanzo la yule mfuga ng'ombe na maziwa mezani mpaka leo linanikaba koo. Lakini ile sentensi ya mwisho nimebishana nayo miaka yote hii, kwa sababu inanilazimisha nijiulize kitu ambacho watu wa filamu hawapendi kukijibu moja kwa moja: dairekta ana haki ya kuiita kazi yake mastapisi?

Watu wengi wakisikia swali hili wanakimbilia kwenye adabu. Wanasema si vizuri mtu kujisifu, subiri usifiwe, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza. Mimi sipo huko. Kwanza kujisifu kwetu ni sanaa kabisa, ina jina na ina kanuni zake, tunaiita majigambo, na Muyaka wa Mombasa aliyefariki karibu na 1840 alijigamba kwenye mashairi mpaka leo yanasomwa madarasani na hakuna aliyesema Muyaka alikosa adabu. Pili ule msemo wa kizuri chajiuza kwenye sinema hauna ukweli hata kidogo. Filamu haijiuzi. Filamu nzuri inaweza kukaa kabatini miaka thelathini kwa sababu haikuwa na msambazaji, nakala imeliwa na unyevu na aliyeitengeneza ameshazikwa. Kwa hiyo mtu aliyehangaika miaka mitano na muvi yake akasimama akapiga kelele watu waje kuiona, huyo namuunga mkono asilimia mia, apige kelele tu.

Tatizo langu ni jingine. Dairekta ndo mtu pekee duniani ambaye hajawahi kuiona filamu yake kwa mara ya kwanza.

Fikiria vizuri hapo. Wewe unaingia ukumbini hujui kitu, taa zinazimwa, hujui yule mama atakufa au atapona, hujui ule mlango ukifunguliwa kuna nini nyuma yake, na unacheka au unaogopa au unatoa machozi kwa sababu hujui. Dairekta anajua kila kitu. Aliuandika ule mlango, alibishana na fundi kuhusu rangi yake, anakumbuka siku ile mvua ilinyesha wakapoteza nusu siku, anamkumbuka muigizaji aliyekuwa na homa, halafu akaingia kwenye chumba cha kuhariri akaliangalia tukio lile lile mara mia mbili mpaka maneno yakakosa maana masikioni mwake. Anapokaa siku ya uzinduzi anaona filamu mbili kwa wakati mmoja, ile iliyopo kwenye skrini na ile aliyokuwa nayo kichwani kabla hajaanza, na hizi mbili zinachanganyikana mpaka hawezi tena kuzitenganisha. Sasa mtu wa namna hiyo unamuulizaje kama kazi yake imewashika watu? Ataijulia wapi? Anaweza kukwambia alitaka nini, alitumia nini, alikosea wapi, na hayo hakuna anayeyajua kuliko yeye. Lakini mastapisi ni neno la kile kilichotokea kwa mtazamaji, na yeye ndo hakuwahi kukaa kwenye kile kiti.

Na ushahidi wa hili upo mwingi tu. Chukua Vertigo, muvi ya dairekta Mwingereza Alfred Hitchcock. Ilitoka 1958, wachambuzi wakaipokea nusu nusu, wengine wakasema ni ndefu na hadithi haiingii akilini. Mwaka 1962 Hitchcock alikaa na dairekta Mfaransa François Truffaut siku kadhaa wakaongelea filamu zake moja baada ya nyingine, mazungumzo yakatoka kama kitabu 1966, na walipofika kwenye Vertigo mzee mwenyewe ndo akaanza kuonyesha tundu kwenye hadithi. Akasema yule mume aliyepanga kumtupa mkewe kutoka mnarani angejuaje kwamba James Stewart, muigizaji mkuu anayecheza kama mtu anayeogopa urefu, hatazimaliza zile ngazi? Lilikuwa linamsumbua. Miaka 50 baada ya mazungumzo hayo, 2012, jarida la Sight & Sound la Uingereza lilipofanya kura yake ya kila miaka kumi, filamu hiyo hiyo yenye tundu ikashika namba moja, ikaiangusha Citizen Kane iliyokuwa imekaa kileleni kwenye kura tano mfululizo tangu 1962. Lile tundu lipo mpaka leo. Ila aliyekaa ukumbini halioni, kwa sababu wakati ule anahangaika na kitu kingine kabisa, anamwangalia mwanaume anayempenda mtu ambaye hayupo. Hitchcock alikuwa anaangalia ngazi.

Lakini mfano ambao kwangu unamaliza ubishi ni Francis Ford Coppola, dairekta wa The Godfather, kwa sababu huyu kakosea pande zote mbili.

Machi 1976 Coppola alianza kupiga Apocalypse Now, muvi ya vita vya Vietnam, huko Ufilipino. Walipanga miezi michache, upigaji ukaburuzwa zaidi ya mwaka. Kimbunga kikabomoa seti, muigizaji mkuu Martin Sheen akapata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 36 tu, hela zikaisha, Coppola akaweka rehani mali zake mwenyewe. Mkewe Eleanor alikuwa anamrekodi, na zile sauti zikaja kutumika kwenye dokumentari ya 1991 inayoitwa Hearts of Darkness. Ukimsikiliza mule ndani unasikia mtu anayekwambia kutoka moyoni kwamba anatengeneza muvi mbaya, kwamba ameshindwa, hana mwisho wa hadithi na hajui afanye nini. Hakuwa anajifanya. Alikuwa mume anayeongea na mkewe usiku. Muvi hiyo ikapelekwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 1979 ikiwa haijakamilika, ikachukua tuzo kuu, Palme d'Or, kwa kugawana na muvi ya The Tin Drum, na leo ukiwauliza watu wa filamu wakutajie kumi bora za vita wengi wataitaja. Pale pale Cannes Coppola aliwaambia waandishi kwamba muvi yake haihusu Vietnam, muvi yake ndo Vietnam. Ndani ya miaka michache mtu yule yule ametoka kwenye "hii ni takataka" mpaka kwenye "hii ndo vita yenyewe", na filamu ni ile ile. Halafu 2001 akaitoa upya na karibu dakika 50 za ziada, na 2019 akatoa toleo la tatu akapunguza tena. Miaka arobaini na yeye mwenyewe bado hajaamua ipi ndo yenyewe!

Sasa njoo Megalopolis, muvi yake ya 2024. Wazo alilibeba kwa miaka zaidi ya 40, hakuna studio iliyotaka, akauza sehemu ya biashara yake ya mvinyo akaweka dola milioni 120 za kwake. Hapo mimi namvulia kofia, mzee wa miaka 80 na kitu anaweka mali yake kwenye ndoto wakati wenzake wa umri ule wanalinda urithi wa wajukuu. Ikaonyeshwa Cannes Mei 2024, watu wakagawanyika, wengi hawakuipenda. Agosti ikatoka trela. Trela ile ilikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa hivi: fikra kubwa siku zote hazieleweki mwanzoni. Wakapanga nukuu za wachambuzi maarufu wa zamani zikizisema vibaya The Godfather na Apocalypse Now, ili wewe mtazamaji ujiambie kumbe hata zile walizikataa, basi na hii ni vile vile. Watu wakaenda kutafuta zile nukuu, hazipo. Pauline Kael aliyewekewa maneno mabaya kuhusu The Godfather ndo aliisifia sana ilipotoka 1972. Maneno ya kutunga kabisa. Lionsgate ambao ndo wasambazaji wakaiondoa trela siku hiyo hiyo wakaomba radhi. Muvi ikaingia kumbini Septemba ikakusanya kama dola milioni 14 dunia nzima.

Mimi sicheki hapo, inaniuma. Na siwezi kusema Megalopolis ni mbaya milele, nani anajua 2060 watasema nini. Kinachoniuma ni ile hoja, kwa sababu nimeisikia sehemu nyingi mno, imekuwa kama ngao ya kila mtu: mastapisi nyingi zilikataliwa mwanzoni, yangu imekataliwa, basi yangu ni mastapisi. Haiendi hivyo. Kukataliwa si cheti. Filamu zilizokataliwa ni maelfu kwa maelfu na karibu zote zilikataliwa kwa sababu zilikuwa mbovu, sisi tunazikumbuka zile tano sita zilizokuja kuokolewa. Na cha kusikitisha zaidi ni kwamba hii ngao inamziba dairekta masikio, mtu anakwambia dakika za katikati zimelegea, wewe unamjibu hata Hitchcock hawakumwelewa, mazungumzo yameisha, na muvi inayofuata itakuja na ule ule ulegevu.

Angalia waliookolewa kweli walifanya nini. Dairekta Mfaransa Jean Renoir alitoa muvi yake La Règle du jeu Paris mwezi Julai 1939, watu wakazomea ukumbini, serikali ikaja kuipiga marufuku miezi michache baadaye kwamba inavunja watu moyo. Renoir alichukua mkasi akaanza kuikata, akaikata tena, akijaribu kujua ni wapi panawaudhi. Toleo refu lilikuja kuunganishwa upya 1959 na watu wengine waliokusanya vipande, na hao ndo waliorudi na lile neno kubwa. Au Chantal Akerman, binti wa Ubelgiji ambaye alikuwa hajafika hata miaka 25 alipoipiga Jeanne Dielman, saa tatu na dakika ishirini za mjane wa Brussels anamenya viazi, anatandika kitanda, anapika. Cannes 1975 watu walikuwa wanainuka mmoja mmoja wanatoka na yeye amekaa nyuma anasikia viti vikigonga. Mwaka 2022 wapiga kura zaidi ya 1,600 wa Sight & Sound wakaiweka namba moja. Akerman alishafariki 2015. (Na tuseme ukweli, binti wa miaka 24 angesimama Cannes akaitangaza muvi yake ya kumenya viazi kuwa mastapisi angechekwa mpaka ahame mji, wakati wanaume wa rika lake walikuwa wanajitangaza kila wiki na wanaandikwa magazetini kwamba wana maono. Hilo nalo lipo ndani ya hili swali, nani anaruhusiwa kujisifu.)

Na neno lenyewe lina historia yake, inabidi turudi huko maana ndiko ninakopata jibu. Mastapisi halikuanza kama sifa. Ulaya ya zamani mafundi walikuwa na vyama vyao, waseremala, wahunzi, wafua fedha, na mwanagenzi akishamaliza kujifunza na kufanya kazi miaka mingi chini ya wengine, alitakiwa atengeneze kitu kimoja kwa mikono yake, kabati au kufuli au bilauri, akipeleke mbele ya mafundi wakuu. Wao ndo wanakigeuza, wanakipima, wanaangalia maungio. Wakiridhika anakuwa fundi mkuu, anaruhusiwa kufungua karakana yake. Ujerumani mpaka leo seremala anayetafuta daraja hilo anatengeneza kipande chake na kinakaguliwa. Kwa hiyo yule mwanagenzi alikuwa anajua kabisa kwamba "hiki ninachotengeneza ndo mastapisi yangu", alilitamka hilo neno kabla hata hajamaliza kukata mbao! Ila maana yake ilikuwa nakileta kwenu, kaguleni.

Hapo ndo naona majigambo yetu na ule utaratibu wa mafundi ni ndugu. Anayejigamba kwenye malumbano ya mashairi anajua kuna mtu amekaa pale anasubiri kumjibu. Muyaka anatupa beti, kesho yake mwingine anarudisha, na mji mzima unasikiliza nani kamzidi nani. Majigambo ni mwaliko wa pambano. Posta iliyoandikwa "mastapisi ya mwaka" kabla hata mtu mmoja hajalipa kiingilio haimwaliki yeyote kujibu, inakutaka ukubali kwanza ndo uingie.

Kwa hiyo natofautisha mambo mawili na Kiswahili kinanisaidia. Dairekta akisema "hii ndo kazi yangu bora", simbishii hata kidogo. Analinganisha zake na zake, na anazijua zote, anajua ipi alifika alipotaka na ipi alikwama njiani. Charlie Chaplin alisema The Gold Rush ya 1925 ndo angependa akumbukwe nayo, na mimi nikisikia hivyo naenda kuiangalia nikitafuta alichokiona. Tarantino mwenyewe miaka ya karibuni ametenganisha vizuri tu, kwamba Once Upon a Time in Hollywood ndo anayoipenda zaidi lakini Inglourious Basterds ndo bora yake, na hiyo ni taarifa, inanisaidia. Lakini akisema "hii ni kazi bora" nukta, bila "yangu", ameshatoka kwenye karakana yake ameingia kwenye kiti cha wakaguzi, na kile kiti si chake. Ile sentensi ya Brad Pitt ina "yangu" ndani yake na ina "huenda". Ndo maana nimebishana nayo miaka yote hii na bado sijaweza kuichukia.

Kuna mtu ataniambia, wewe unaongea ya Ulaya na Marekani, dairekta wa Afrika hana jarida la kumpigia kura, hana wa kumsemea, asipojisemea nani atamsemea? Hii hoja naiheshimu na nimeifikiria muda mrefu. Touki Bouki, muvi ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ilionyeshwa Cannes 1973, kisha kwa miaka mingi ilikuwa ngumu kuipata. Mambéty alifariki 1998 akiwa ameacha filamu ndefu mbili tu. Mwaka 2008 ndo ikasafishwa na ile taasisi aliyoianzisha Martin Scorsese ya kuokoa filamu za dunia, na 2012 ikaingia kwenye zile filamu mia bora za Sight & Sound. Miaka 39! Sasa niambie, Mambéty angejiita bingwa kila siku kwenye redio ya Dakar kungebadilika nini? Kilichokosekana hakikuwa neno kutoka kwake. Ilikosekana nakala nzuri, ukumbi wa kuionyesha, na watu wa kuandika kuihusu kwa lugha zinazosomwa na watu wake. Na sisi huku ndo hivyo hivyo, uchambuzi wa filamu kwa Kiswahili bado kidogo mno, muvi inatoka watu wanaandika "kali sana" au "mbovu" na moto wa emoji tatu, basi, kwa hiyo dairekta anajikuta anafanya kazi ya wakaguzi kwa sababu wakaguzi hawapo kwenye benchi. Hilo kosa ni letu sisi tunaoangalia kuliko lake yeye.

Miaka michache iliyopita nilienda kwenye onyesho moja Dar, ukumbi mdogo, viti vya plastiki, watu kama sitini. Dairekta kijana akasimama mbele kabla ya muvi akatuambia tunachoenda kuona ni mastapisi, ni kitu hakijawahi kufanyika Tanzania, tujiandae. Nikaona mabega ya watu yanabadilika, nikajiona na mimi, nimekunja mikono. Dakika zote zile tisini sikuwa naangalia muvi, nilikuwa nakagua ahadi, kila tukio nalipima je hili ni la mastapisi, je hili, na muvi ilikuwa nzuri jamani, ilikuwa nzuri tu, ingeniingia kama nisingeambiwa. Ilipoisha watu wakapiga makofi ya heshima. Kisha mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono, akauliza kwa nini kwenye lile tukio la pantoni binti hasikiki anachomwambia baba yake. Na yule kijana akabadilika kabisa. Akasema walilipiga lile tukio siku nne alfajiri, kwamba sauti waliirekodi vizuri tu na maneno yapo, lakini alipokuwa anahariri akagundua kila akiyaweka yale maneno baba anakuwa mdogo, akayatoa, akaacha injini ya pantoni, na mpaka leo hana uhakika kama alifanya sawa. Akamuuliza yule mama, wewe uliona anasema nini? Mama akafikiria kidogo akasema, niliona anamuomba asirudi.

Kijana akakaa kimya. Halafu akasema hayo siyo maneno niliyoyaandika, na akatoa simu yake akayanakili.